Mbwa wa Kadi ya Njano

Ilitangazwa rasmi, saa moja asubuhi, mbele ya Baraza Kuu la Familia, kwamba kuanzia siku hiyo nyumba nzima ingeingia katika Enzi Mpya ya Kubana Matumizi. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa baba, aliyesimama wima na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Wajumbe walikuwa mama, binti mkubwa, na kitindamimba aliyekuwa chini ya meza akitafuta kiatu chake cha pili cha shule. Mjumbe wa nne alilala juu ya mguu wa mwenyekiti akikoroma, kwa kuwa alikuwa mbwa.

"Azimio la kwanza," alisema baba. "Sukari ni kijiko kimoja tu."

"Mimi nilishaiacha tangu wiki iliyopita," alisema mama. "Endelea, mheshimiwa."

"Azimio la pili. Tunahama. Baada ya wiki mbili tunakwenda kukaa kwa shangazi yenu, kile chumba chake cha uani."

"Sote?" aliuliza binti mkubwa.

Baba akakohoa. Alikuwa fundi wa makochi kwa miaka kumi na minane, lakini karakana ilikuwa imefungwa miezi mitano sasa, maana watu wanaohesabu vijiko vya sukari hawanunui makochi. Mtu huyu aliyeweza kukunja springi ya kochi kwa mikono mitupu alishindwa kuikunjua sentensi moja.

"Mwenye nyumba wa shangazi hataki wanyama," alisema mwishowe, huku akiutazama mguu wake. Enzi Mpya ikawa imezinduliwa.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shuleni walimwita Wakili kwa sababu hakuwahi kukosa la kujitetea. Ndiye aliyewahi kuliaminisha darasa zima kwamba kengele ya mapumziko imeharibika, wakatoka nje nusu saa kabla ya wakati. Alipoitwa ofisini alieleza kwa adabu kubwa kwamba yeye hakudanganya, alidhani tu kwa sauti.

Mbwa waliyempata akiwa mdogo kama kiatu alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, kama mtu anayetaka kusikia nusu tu ya habari. Aliitwa Bawabu kwa kuwa alipenda kulala mlangoni. Kumzuia mtu asiingie hakukuwa katika mipango yake.

Baba alikwenda kwenye kituo cha kulea wanyama, akarudi mabega yamemshuka.

"Wamejaa," alimwambia mama. "Mwenye mbwa anaandikishwa kwenye foleni. Wiki kumi na mbili! Wanaopokelewa papo hapo ni wale tu waliookotwa mtaani, maana hao hawana pa kurudishwa."

Wakili, aliyekuwa akiosha vyombo, aliacha sahani ielee kwenye beseni. Kichwani mwake mambo yalikuwa yameanza kujipanga.

Siku tatu baadaye, alipotoka shule, alimvua Bawabu ukanda wa shingoni, akampaka vumbi mgongoni mpaka akawa na sura ya mtu aliyefukuzwa kazi, kisha akamfunga kamba ya katani na kumpeleka kituoni.

Mapokezini palikuwa na meza moja na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabati la mafaili lilikuwa wazi nyuma yake, na kwenye kila rafu walilala paka.

"Shikamoo mama. Nimemwokota huyu karibu na soko."

"Marahaba. Ana jina?"

"Sijui, mama. Ndiyo kwanza nakutana naye."

Bawabu alikuwa ameketi juu ya kiatu cha Wakili.

"Basi kaa naye mbali, asije akakuuma," alisema mama wa mapokezi bila kucheka. "Wiki hii nimepokea mbwa wa mtaani kumi na mmoja. Tisa kati yao nilipowaambia 'kaa', walikaa."

Wakili alitazama dari. "Labda mitaa ya siku hizi inafundisha."

"Labda."

Mama wa mapokezi akatoa kadi ya njano, akaandika taratibu. Jina: halijulikani. Chanjo: haijulikani. Mwenyewe: hajulikani. Kisha akaishikilia kalamu hewani.

"Mwanangu, una la kuongeza?"

"Sina, mama."

Mlezi wa mbwa, kijana mwenye viatu vya mpira, akaja kuichukua kamba. Bawabu alimfuata kwa furaha, akidhani ni matembezi. Alipofika mlangoni aligeuka kuona kwa nini Wakili haji.

Nyumbani Wakili alitangaza kwamba foleni imepungua na Bawabu amepokelewa. Kitindamimba alilia mpaka akapata kwikwi. Baba alisema, "Ah, afadhali," akatoka kwenda kunawa uso bombani, ingawa alikuwa ametoka kunawa muda si mrefu. Mama alilikunja gunia la kulalia mbwa, akalitia kwenye mizigo ya kuhamia, akalitoa tena.

Siku ya sita uvumilivu ulimwisha Wakili. Alirudi kituoni akijifanya mgeni wa kawaida. Kelele zilimpokea tangu barabarani, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilimkaba koo. Vizimba vya mbele vilijengwa kwa ajili ya mbwa mmoja mmoja, lakini kila kimoja kilikuwa na watatu. Juu ya kila mlango zilining'inia kadi za kijani, na akazisoma. Ana miaka minne, anapenda watoto, mwenyewe amepoteza kazi. Amechanjwa, ni mpole, mwenyewe amefunga duka. Ana miaka tisa, haoni vizuri jicho la kushoto, mwenyewe anaomba radhi.

Jike huyo mwenye jicho bovu alikuja mpaka kwenye wavu, akamnusa Wakili vidole, akagundua kwamba si yule anayemngojea, akarudi kulala. Bawabu hakuwemo kwenye kizimba hata kimoja.

"Kaka, wale waliookotwa wako wapi?" alimuuliza mlezi.

"Wa njano? Wako nyuma, wageni hawaendi huko. Hatujui nani amechanjwa na nani ana kichaa."

"Wanaletwa mbele lini?"

Mlezi aliweka ndoo chini. "Tunawangojea wenyewe siku saba. Mwenyewe asipokuja, na mbele pakiwa hivi unavyopaona..." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Daktari anawachoma sindano. Hawaamki tena, mdogo wangu. Kesho kuna wanne."

"Lakini Bawabu amechanjwa! Ana cheti!"

Maneno yalikwisha kutoka. Na kule nyuma ya ukuta, katikati ya kelele zote, mbwa mmoja alianza kulia kwa sauti nyembamba ya kuvutika, sauti ambayo Wakili aliisikia kila siku alipokuwa akifungua geti akitoka shule.

"Nilikuwa nataka kusema..." alianza. "Yaani, kama angekuwa..." Wakili akaishiwa. Utetezi wote duniani ulikuwa umemkimbia.

Mama wa mapokezi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Cheti kiko wapi?"

"Kwenye faili la baba."

"Baba anajua?"

Wakili akatikisa kichwa.

"Basi nenda kamwambie. Kabla ya saa tatu asubuhi kiwe mezani kwangu. Mimi siwezi kuandika nisichoambiwa."

Alimkuta baba akifungasha nyundo na mikasi yake. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila mbwembwe, na akangoja kugombezwa. Baba alikaa chini juu ya boksi.

"Foleni ya wiki kumi na mbili haiishi kwa siku tatu," alisema. "Nililijua hilo. Sikukuuliza, kwa sababu nilitaka iwe kweli."

Saa mbili na nusu asubuhi walikuwa mapokezini. Mama wa mapokezi alikagua cheti, akaichana kadi ya njano, akaandika ya kijani. Lakini hakuwaruhusu waondoke. Alifungua daftari la foleni, akaweka kidole kwenye jina moja.

"Bibi huyu alingoja wiki kumi na moja. Siku uliyomleta mbwa wako nilikuwa na nafasi moja tu, na ilikuwa yake. Alipofika na mbwa wake, nilimrudisha."

"Mpigie simu, mama," alisema Wakili. "Mwambie aje. Tutamwondoa wetu."

"Nimeshamtafuta. Chumba chake kina wapangaji wengine. Hakuna anayejua alikokwenda, wala alimfanya nini mbwa."

Baba aliinamisha kichwa. Wakili alilitazama jina lile lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, na akatamani lingefutika, lakini lilikuwa la wino.

"Wako atakaa mbele mpaka Jumamosi saa kumi na moja jioni," alisema mama wa mapokezi. "Asipopata mtu, mtamchukua. Mtakwenda naye wapi, mtajua wenyewe."

Jumamosi familia nzima ilifika kituoni. Watu walikuwa wengi, na karibu wote walikuja kuleta, si kuchukua. Mwanamume mmoja alisimama na kasuku ndani ya boksi la sabuni mpaka miguu ikachoka, akaandikishwa kwenye foleni, akaondoka naye. Saa tisa. Saa kumi. Kitindamimba aliketi sakafuni, mkono wake umepenya kwenye wavu, na Bawabu akiulalia.

Saa kumi na nusu aliingia mama mmoja mnene mwenye nyusi nyeupe kwa unga. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, akasema anataka mbwa wa kukaa naye, maana mashine inanguruma lakini haizungumzi. Alipita vizimba vyote, akarudi kwa Bawabu, akachuchumaa.

"Huyu mwenye sikio la kiburi," alisema. "Nyinyi ndio wenyewe? Haya, niambieni ukweli. Ana kasoro gani?"

Zilikuwa zimebaki dakika thelathini. Mama huyu akiondoka mikono mitupu, Bawabu angerudi nyumbani. Usiku wa leo, na labda kesho, na labda shangazi angemwomba mwenye nyumba, na labda mwenye nyumba angekubali.

"Anauma," alisema Wakili. "Alimng'ata mdogo wangu."

Msaga nafaka akaurudisha mkono wake haraka.

"Mimi?" aliuliza kitindamimba kwa mshangao, akaugeuzageuza mkono wake kutafuta jeraha. "Aliniuma wapi?"

Baba na mama walimtazama Wakili. Mama wa mapokezi aliifungua kadi ya kijani kutoka mlangoni na kuchomoa kalamu sikioni.

"Nikiliandika neno hilo, hakuna atakayemchukua tena, si leo wala mwaka kesho," alisema. "Mwanangu, nisikilize. Hawa hawawezi kujieleza. Wanachoweza kupata duniani kinatokana na maneno ya mtu aliyekuwa akiwalisha. Ukisema uongo juu ya mtu kwa kuwa humpendi, ni ubaya. Ukisema uongo juu ya mbwa kwa kuwa unampenda, yeye ndiye anayelipa. Haya. Niandike?"

Bawabu alikuwa amesimama, akimtikisia Wakili mkia kupitia kwenye wavu. Wakili aliangalia zile nyusi za unga, akaangalia kalamu, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko ya kitindamimba.

"Usiandike, mama. Nimedanganya. Hajawahi kumuuma mtu yeyote. Nilitaka tu huyu mama amwache."

Msaga nafaka akaupenyeza tena mkono wake kwenye wavu, akasema, "Basi naondoka naye," na mama wa mapokezi akairudisha kalamu sikioni.