Vidole vya Profesa

Kila Ijumaa, masomo yakiisha, Chiriku alikwenda kwa mwalimu wa sayansi na kicheza muziki kidogo mfukoni. Ndani yake hamkuwa na muziki. Mlikuwa na masomo ya mwaka mzima, yaliyosomwa kwa sauti ya mwalimu, kwa ajili ya rafiki yake wa dawati moja ambaye haoni. Rafiki huyo walimwita Profesa, maana akisikia jambo mara moja halimtoki. Wakubwa walimwahidi vitabu vya nukta nundu. Walikuja, wakapigwa picha naye, wakaondoka. Vitabu havijafika hadi leo. Kicheza alikinunua mwalimu, na Chiriku alipewa kazi ya kukitunza pamoja na waya wake.

Ijumaa hii Chiriku alifuatana na Profesa, na mwalimu alikichomeka kwenye kompyuta ili aingize somo la mwisho. Kompyuta ikanyamaza. Kioo cha kicheza kilionyesha alama ya betri tu. Mwalimu akabadilisha tundu, akazima, akawasha. Kimya.

"Jumatatu ni mtihani," alisema. "Kimbieni kwa fundi. Nitawasubiri mpaka saa kumi na moja."

Fundi mwenyewe alikuwa baba yake Chiriku. Tangu afiwe na mkewe, alizungumza zaidi na redio kuliko na watu, na taarifa ya habari ndiyo aliyogombana nayo hasa.

"Haya, mgonjwa anasemaje?" aliuliza, akikichomeka kicheza kwenye kompyuta yake kuukuu.

"Anakula lakini hasemi," Profesa alijibu. "Chaji inaingia, ila kompyuta haimwoni. Baba, inawezekanaje?"

"Hilo ndilo swali." Fundi akakuna kidevu. "Chiriku, waya ni uleule wa siku zote?"

"Ndiyo, Baba."

Haukuwa uleule. Jumatano Chiriku aliukandamiza waya wa shule kwa mguu wa kiti, kichwa cha waya kikabonyea. Aliogopa kusemwa, akaokota mwingine mweusi kama ule kutoka boksi la baba yake. Ulichaji vizuri, kwa hiyo akaona yameisha.

Profesa aliupapasa waya mezani. "Mbona mwembamba hivi? Wetu ni mnene."

"Ni uleule bwana! Leo vidole vyako vinakudanganya."

Profesa akauachia waya. Akarudisha mikono yake mapajani.

Fundi alipuliza vumbi tunduni, akachungulia kwa kioo cha kukuza, akatikisa kichwa. "Kama waya ni mzima, basi kicheza kimechanganyikiwa. Dawa ni kukisafisha kianze upya, kama kilivyotoka dukani."

"Na masomo?" Profesa aliuliza.

"Yatafutika yote."

"Mwalimu hana mengine. Kompyuta ya shule ilijaa, akayafuta ya zamani," Profesa alisema.

"Si aliomba kifaa cha kuhifadhia? Ofisini wakamwambia fedha hakuna. Za chai ya wageni zipo!" Fundi akaweka kidole juu ya kitufe cha kicheza. "Haya, ni mali yako, Profesa. Nibonyeze?"

"Nitakusomea mimi," Chiriku alisema upesi.

"Mwaka mzima, kwa siku mbili?" Profesa aliuliza. "Kama hakuna njia nyingine, bonyeza, baba."

"Usibonyeze!" Chiriku alipiga kelele. "Waya si ule! Nilivunja ule wa shule nikaficha. Huu nimeutoa kwenye boksi lako."

Alitoa waya uliobonyea kutoka mkobani, machozi yakimlengalenga. Fundi hakufoka. Alichukua wembe, akauchuna ule mwembamba: ndani mlikuwa na nyuzi mbili. Akauchuna wa shule: nyuzi nne.

"Guseni," alisema. "Mbili hupitisha umeme. Hizi nyingine mbili hupitisha habari. Huu mwembamba ni wa kuchajia taa tu. Unalisha, lakini hauna mdomo wala masikio."

"Kumbe!" Profesa alihesabu nyuzi mara mbili kwa ncha za vidole.

"Sasa wewe tuchagulie mwingine humo boksini. Vidole vyako vinajua kazi."

Profesa alipekua, akatoa mmoja mnene. Fundi akauchomeka. Kompyuta ikalia, tiriri, na masomo yote yakajipanga kwenye kioo.

"Vidole vyako havikukosea," Chiriku alimwambia rafiki yake. "Nilijua, nikakukatalia. Nisamehe."

"Waya si neno," Profesa alisema polepole. "Lakini vidole hivi ndiyo macho yangu. Ulinifanya nisiviamini."

Chiriku akainama.

"Nisikilize, mama," fundi alimwambia binti yake. "Wakubwa wetu wakivunja kitu wanaunda kamati, na kosa linamwangukia asiyehusika. Wale siwawezi. Wewe ni wangu. Uongo wako nusura unifanye niharibu kizima na kuacha kibovu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Na usimtie mwenzako shaka kwa jambo analolijua, ili tu wewe upone. Jumatatu utamweleza mwalimu habari za waya, mwenyewe."

"Nitamwambia leo, Baba."

Profesa alisimama, akamshika Chiriku juu ya kiwiko, kama wafanyavyo kila siku barabarani.

"Twende basi, saa kumi na moja inakaribia," alisema. "Ila waya nabeba mimi."