Milimita ya Mgeni

Haya yalimpata rafiki yangu fundi, mtu asiyeweza kudanganya hata kusifia mapishi ya mkewe. Alijiundia nyumbani mashine ya kuchonga chuma kwa kompyuta, mota akaitoa kwenye keekee ya kutobolea ya marehemu babake. Mzee yule kila kipande alikiacha kinene kidogo, akimalizie kwa tupa.

"Hiyo ni milimita ya mgeni," alikuwa akisema, kama mtu anayebakiza chakula cha mgeni.

Basi fundi akaiagiza mashine unene wa milimita kumi. Ikatoa kumi na moja. Akarekebisha, kumi na moja. Mara ya tano akaipiga kofi.

"Hapa hakuna mgeni! Leo utanipa kumi, utake usitake!"

Papo hapo umeme ukakatika. Karakana haina dirisha, giza totoro. Mota ikanguruma, ikanyamaza. Ndipo akasikia tupa juu ya chuma: kwaruu, kwaruu, bila haraka.

"Baba, niachie kazi yangu!" Hakurudi nyuma hata hatua.

Umeme uliporudi, akakipima kile kipande. Kumi kamili. Akafungua kufuli la droo, akaitoa tupa ya mzee. Mpini ulikuwa na joto la kiganja.