Mkanda wa Jumamosi

Treni ya Mombasa ilichelewa siku hiyo ya mwaka 1956, na stesheni ya Voi ilijaa watu hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Zefania, fundi wa gereji, alijipenyeza na pampu kuukuu kwapani, aje ailinganishe na mpya iliyotumwa kwa treni. Pampu ikatema oili, ikatua kwenye gauni la manjano lililopigwa pasi likanyooka.

"Ala! Huyo mtoto wako wa chuma hana adabu?" aliuliza mwenye gauni.

"Nisamehe, dada. Ni pampu ya usukani, ya gari la Bwana meneja wa shamba la mkonge kule Mwatate. Gari la Kimarekani hilo, oili ndiyo inayosukuma usukani. Waugeuza kwa kidole kimoja."

"Kidole kimoja! Nitaamini nikiona."

"Njoo gereji Jumamosi basi. Nahitaji mtu wa kuugeuza nikitoa hewa kwenye oili."

Aliitwa Milka, mwalimu wa shule ya misheni Mbololo, na kumbe Noah, dereva wa gari hilo, alikuwa kaka yake. Jumamosi akaja. Aliketi kwenye kiti cha dereva, Zefania akainamia injini iliyowashwa, akitazama povu likiisha kwenye oili.

"Kulia, Mwalimu, polepole. Ukifika mwisho usiung'ang'anie. Haya, kushoto."

"Mbona waniamuru kama mume?"

"Bado. Kushoto tena."

Milka alicheka hadi akasahau kushoto ni wapi.

Jumamosi iliyofuata Zefania alisonga ugali wa mtu mmoja, akaula amesimama. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na chumbani mwake nyuma ya gereji kikombe kilikuwa kimoja. Upweke ulimkaba. Angeweza kupiga simu misheni aseme tu, "Milka, njoo." Aliinua simu, akairudisha.

Basi gari lilipoletwa kubadilishwa oili, aliulegeza kidogo mkanda unaozungusha pampu. Baada ya siku chache usukani ukaanza kupiga kelele, Noah akalirudisha gari, na Zefania akapata la kusema kwenye simu.

"Mwalimu, pampu imeingia hewa tena."

"Pampu hiyo inadeka!"

"Imekuzoea, mpenzi."

Mara ya pili ilikwenda vizuri. Mara ya tatu mkanda uliruka kwenye kona ya Bura, usukani ukawa mzito ghafla, na gari likaingia mtaroni. Noah alivunjika mkono. Meneja akamfukuza kazi, akisema alikuwa amelewa.

Safari hii ni Milka aliyepiga simu.

"Zefania, Noah haonji pombe. Wewe ndiwe unayelijua gari lile. Mwambie Bwana."

Ulimi wa Zefania ulikuwa mzito kuliko usukani ule.

"Kumbe nawe waamini alilewa," Milka alisema, akakata simu.

Zefania hakulala. Kulipokucha alikwenda Mwatate, akavua kofia mbele ya meneja, akaeleza habari ya mkanda. Noah akarudishiwa kazi yake. Zefania akaambiwa na mwenye gereji akusanye vyombo vyake, na jioni hiyohiyo akawa stesheni na sanduku la spana, akingoja treni ya Taveta. Hakuna aliyemsindikiza.

Ndipo akaliona gauni la manjano. Doa la oili lilikuwa bado pale kiunoni.

"Noah ameniambia," Milka alisema. "Ungemuua kaka yangu."

"Najua."

"Kwa nini, Zefania?"

"Nilitaka uje."

"Si ungeniita?"

"Niliogopa utasema huna nafasi. Gari likiharibika, nina sababu ya kukuita."

Milka alitazama reli. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyafuta.

"Kila Jumamosi nilivaa gauni hili, nikakaa karibu na simu ya misheni tangu asubuhi. Kila Jumamosi, Zefania, hata zile ambazo hukupiga."

Treni ikapiga honi. Zefania alitaka kumshika mkono, akaona wake una oili, akaurudisha.

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Panda, utaachwa."

Akapanda. Behewa lilipoanza kusogea, Milka alitembea sambamba na dirisha, akiharakisha hatua.

"Taveta kuna simu?" aliuliza.

"Iko posta."

"Basi piga Jumamosi. Lakini Zefania, upige bila sababu."