Fahali Waliotembea Miguu Juu

Kila asubuhi Ninkala, binti wa miaka kumi na mmoja, alikanda udongo wa kufungia mlango wa ghala la mbegu mjini Uruk. Baba yake, Lugalda, alizungusha kamba kwenye kigingi cha mlango, akaifunika kwa udongo ule, kisha akaviringisha juu yake kijiwe cha muhuri alichokivaa shingoni. Fahali watatu waliochongwa kwenye kijiwe walibaki wamechapwa udongoni, wanatembea kwa mstari. Hakuna aliyeweza kufungua mlango bila kuwavunja.

Mwaka huo chumvi ilipanda mashambani, shayiri ikafa, na njaa ikaingia kila nyumba. Lugalda naye akalazwa na homa. Mdogo wake Ninkala alilia mpaka sauti ikamkauka. Njaa mwana malegeza. Moyo ukamshinda Ninkala. Mchana, watu walipojifungia kukwepa jua, alimvua baba muhuri akiwa usingizini, akaenda ghalani, akavunja udongo na kuchota bakuli moja tu la shayiri. Akafunga upya harakaharaka, akaviringisha muhuri juu ya udongo.

Kesho yake mkuu wa ghala alikuja kukagua.

“Hebu tazameni! Fahali gani hawa wanatembea miguu juu?” alifoka.

Ninkala alisogea kutazama. Kumbe aliushika muhuri kichwa chini!

Mkuu akamkamata Urdam, mfagiaji wa ua, mzee aliyezoea kumpa Ninkala tende na kumtania “mke wangu”.

“Nani mwingine hapa asiyejua muhuri unashikwaje, kama si wewe mtu wa milimani?”

“Bwana mkubwa, mimi na mlango huo tunaonana kwa ufagio tu.”

“Mwizi mkubwa, na bado una mzaha! Fimbo ishirini!”

Ninkala alijiambia watamwachia. Fimbo ya kwanza ikashuka. Ya pili. Ya tano. Aliogopa mno kujitaja. Kwenye ya tisa mzee alianguka kifudifudi, asiinuke.

“Mwacheni babu!” Ninkala alipiga kelele. “Ni mimi! Mimi ndiye niliyechukua!”

Urdam aliachiwa, akabebwa hadi kwake. Lugalda aliletwa kutoka kitandani, na kwa kuwa hakuulinda muhuri wake, ukapondwa kwa nyundo mbele ya watu. Kuanzia siku ile kazi yake ikawa kuchimba mifereji, homa au hakuna homa.

“Baba, si nilisema kweli?” Ninkala alilia walipofika nyumbani.

“Ulisema, mwanangu. Njaa naijua, na huruma yako kwa mdogo wako naielewa. Ungeniamsha, tungekwenda kuomba pamoja.” Lugalda alikohoa kwa muda mrefu. “Lakini kweli uliyoisema baada ya fimbo ya tisa ulikuwa nayo kabla ya fimbo ya kwanza. Ukiichelewesha kweli, mwingine ndiye anayepigwa. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, baba.”

“Basi chukua maji, ukamwoshe mzee wa watu mgongo. Na msamaha usiniombe mimi. Mwombe yeye.”