Nilimwambia Mdogo Wangu Afunge Mlango

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Busia, na naishi Kawangware, Nairobi. Natengeneza makaa kutokana na taka za shambani. Ninayoandika hapa sijawahi kuyaandika popote... Msinihukumu kabla hamjafika mwisho.

Nilianza baada ya kufutwa kazi ya kufua nguo kule Karen, mtaa wa matajiri. Nilikuwa nikiokota makapi ya miwa kwa wauza juisi na kuchukua maganda ya kahawa ambayo viwanda havina haja nayo. Niliyachoma ndani ya pipa mpaka yakawa meusi, nikayachanganya na uji wa muhogo, nikayafinya na kuyaanika juani. Yaliwaka vizuri ajabu! Hayakutoa moshi wala cheche. Wachoma nyama wa Kenyatta Market wakaanza kunitafuta wenyewe.

Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya watengenezaji makaa katikati ya jiji. Mwalimu wetu, mzee Salim, Mswahili wa Lamu, alitusisitizia jambo moja. "Moshi usipouona, usidhani sumu haipo. Hewa ya jiko la makaa huua bila harufu. Andikeni kwenye mifuko: tumia penye hewa."

Niliandika. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa Karen alisoma maandishi yale, akarudisha mfuko, akaenda zake. Niliumia sana! Jioni nilikaa sakafuni nikayafuta maandishi yote, mfuko baada ya mfuko. Badala yake nikaandika: Hayana moshi, salama nyumbani.

Niliyajua yote. Hilo ndilo linalonitesa.

Mdogo wangu Nekesa alikuwa msusi pale Kenyatta Market. Kibanda chake kilikuwa kidogo, kisicho na dirisha, na kila siku alichemsha maji kwenye jiko ili achovye ncha za nywele za wateja. Makaa nilimpa mimi, bure. Alijivunia! Kila mteja aliambiwa, "Hii makaa ni ya sista yangu."

Siku moja ya Julai, baridi kali na mvua ya kupiga kwa pembeni, alinipigia simu mchana. Wateja hawakuwepo. Maji yalikuwa yakiingia ndani na rasta zake za kusukia wateja zilikuwa zinalowa.

"Sista, nikishusha mlango na jiko iko ndani, si niko sawa?"

Nilikuwa napakia mifuko ya mteja, wanawake wawili wamesimama kando yangu wakinisikiliza. Ningejibu nini mbele yao?

"Funga tu," nikasema. "Hii makaa haina shida."

Saa kumi jirani yake aligonga, akakosa jibu. Walipoinua mlango walimkuta ameketi, kichwa kimelalia meza ya vioo, kama mtu aliyesinzia... Nekesa wangu! Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Kila mtu aliilaumu mvua. Mama alisema ni mapenzi ya Mungu. Nilisimama kaburini nikapokea pole za watu, nikanyamaza. Ni moyo gani huo niliokuwa nao?

Wiki tatu baadaye sikuweza tena. Nilirudi Busia nikamweleza mama kila kitu. Alikuwa akichambua mboga. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mboga alizoziacha nilizimalizia mimi, nikaziweka kizingitini, nikaondoka. Mpaka leo hapokei simu zangu.

Bado nauza makaa, kwa kuwa sina kazi nyingine na kazi yenyewe si mbaya. Lakini kila mteja namweleza hatari yake kwa mdomo wangu, hata akighairi.

Ndugu msomaji, usilale wala usikae na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa, hata kama halitoi moshi kabisa! Na wewe muuzaji mwenzangu, unalolijua liseme. Nakusihi... Liseme leo, kwa sababu mtu anayekuamini hatauliza mara ya pili.