Chumba cha Rosalia

Jumamosi moja mchana, kwenye nyumba iliyoko Bonga, Kindness aliitika bila kuitwa.

"Abee!" akasema, akaacha ungo wa maharage, akasimama mlangoni akitazama nje.

Mama yake, Anjela, alikuwa mezani na kompyuta. "Nani kakuita?"

"Wewe."

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Mtoto wa miaka sita ana lipi la kubishana? Alirudi kwenye maharage yake. Anjela naye akarudi kwenye programu aliyokuwa ameiendesha dakika ile ile, na laiti angejua, angeibeba kompyuta ile akaitumbukiza chooni.

Anjela alikuwa karani wa stoo ya mbegu mjini Babati. Mwaka huo alianza kujifunza C, lugha ya kuandikia programu, kwa Mwalimu Severini, kijana mpole aliyefundisha watu wazima sita katika chumba cha nyuma ya duka la vitabu. Wenzake wa stoo walimcheka, mama mzima eti anasoma kompyuta. Hakuwajali. Kilichomtesa ni pointa. Severini alizieleza mpaka mate yakamkauka: "Mama Kindness, memori ni mtaa wa vyumba, na kila chumba kina namba. Pointa siyo mtu. Ni kikaratasi chenye namba ya chumba. Ukimtaka mtu, fuata namba."

Zoezi la wiki hiyo lilikuwa ukoo. Kila mtu awekewe chumba chake, kila mzazi apewe vikaratasi vya watoto wake, kisha iandikwe fanksheni moja, yaani fungu la amri, inayojiita yenyewe: itaje jina, iingie kwa mtoto, itaje, iingie kwa mjukuu, mpaka ikose mtu ndipo irudi.

Alianza na bibi yake, marehemu Marietha. Chini yake akaweka watoto watatu: Bernadina, ambaye ni mama yake mzazi na anaishi naye hapo Bonga, Mjomba Teodori, na Rosalia. Jina la huyo wa mwisho kwenye orodha alilipata kwa mjomba siku moja msibani, pombe ilipomlegeza ulimi.

Ijumaa, siku moja kabla, Bernadina alipomletea chai, aliliona jina hilo kwenye kioo cha kompyuta. Kikombe kikamponyoka.

"Mtoe humo."

"Mama, ni zoezi tu."

"Mtoe, Anjela! Jina hilo haliitwi."

Akaketi, akasimulia kwa sauti ya chini. Rosalia alikuwa dada yake mkubwa. Kwao huko milimani Mbulu, enzi hizo, binti akipata mimba kabla ya kuolewa aliondolewa nyumbani asije akaleta balaa kwenye mifugo na mashamba. Rosalia alipelekwa bondeni, kwenye kibanda kilichohamwa miaka mingi.

"Kilihamwa kwa sababu kilikuwa na jini," Bernadina alisema. "Tulijua, na tukampeleka hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nampelekea maziwa, naacha mlangoni. Ananiita, Bena, Bena, ingia. Siingii. Siku moja akaniita kwa sauti mbili kwa pamoja. Sikurudi tena, mwanangu. Hakuna aliyerudi."

Anjela alimhurumia mama yake. Akaandika amri ya kukiachia chumba cha Rosalia, kikawa wazi. Kisha akamwingiza wa mwisho katika ukoo, Kindness.

Sasa, Jumamosi hii, aliyasoma majina yaliyotajwa. Marietha. Bernadina. Anjela. Kindness. Teodori. Na chini kabisa, mahali pa mwisho kati ya watoto wa Marietha, pale alipokuwa Rosalia: Kindness.

Akaiendesha tena. "Abee," mtoto akaitika, sauti nyepesi ya kila siku. Halafu, jina la mwisho lilipotokea, akaitika mara ya pili, kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyechoka.

Anjela alimpigia Severini simu.

"Ulimfuta mtu, hukuifuta njia," mwalimu akacheka. "Kikaratasi cha Rosalia bado anacho bibi yako, na namba ni ile ile. Chumba ulichokiachia, kompyuta imempa Kindness. Kila mwanafunzi hufanya kosa hilo. Kifanye kikaratasi kiwe tupu, basi."

Akakifanya tupu. Majina yakatoka safi, Kindness mara moja tu, na Anjela akashusha pumzi. "Kindness, njoo ule!"

Akaingia kumtafuta. Jikoni kulikuwa na harufu ya moshi uliopoa na maziwa yaliyochacha, na nyumba ile walipikia gesi. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda cha bibi yake, amekunja mikono tumboni kama wanavyokaa wajawazito.

"Bena," akamwambia Bernadina aliyekuwa hapo jikoni, "mbona ulikuwa unaacha maziwa mlangoni?"

Jumatatu aliletwa Katekista Damasi, mzee aliyekulia bonde lile lile, na maji ya baraka. Mtoto aliinamisha kichwa akanyunyiziwa, akafanya ishara ya msalaba vizuri kabisa, halafu akamtazama usoni. "Damasi, umezeeka. Na wewe ulinibebea godoro kwenda kule." Mzee hakumaliza sala. Alitoka ameshika ukuta, na tangu siku ile simu yake ikiita, haipokei.

Anjela hakubakiwa na kitu ila kile alichokijua kidogo. Jumatano mchana alimwandikia Rosalia chumba kipya kwenye programu, cha kwake peke yake, akampa bibi Marietha namba yake, akamwomba mama yake afanye lililobaki. Bernadina akapiga magoti sakafuni mbele ya mtoto, akilia, akaliita jina ambalo hakuwa ameliita kwa miaka zaidi ya hamsini.

"Rosalia, dada yangu, tusamehe. Ingia nyumbani, ukae mahali pako, utuachie mtoto."

Mtoto akatabasamu. "Nimeshaingia."

"Kindness!" Anjela akapiga kelele.

"Abee, mama!"

Sauti ilitoka nje. Ilikuwa yake, nyembamba, ya mwanawe hasa, na Anjela akakimbia uani bila viatu akaita tena, ikamwitikia kutoka nyuma ya shamba la mahindi, akavuka shamba akaita, ikaitika ng'ambo ya korongo, akaita, ikaitika mbali zaidi, kuelekea lile bonde la Rosalia, na kila alipoita ilisogea, na kila aliponyamaza ili isisogee hakusikia chochote isipokuwa upepo kwenye mahindi, hata akashindwa kujua ni lipi baya zaidi, kumwita mwanawe akaenda mbali, au kuacha kumwita akabaki peke yake, kwa hiyo akaendelea kuita, na bado iliitika, kwa adabu, kama alivyomfundisha.

Jua lilipoanza kushuka sauti ilikuwa ndogo mno. Alirudi nyumbani miguu ikivuja damu. Yule wa kigodani alikuwa amesimama mlangoni akimngojea, na alimshika mkono kwa huruma.

"Usimfuate," akamwambia. "Mwachie maziwa mlangoni."