Miguu ya Moza

Kila jioni Mzee Abeid alipotoka bandarini Mwanza kubeba marobota ya pamba, alijilaza kifudifudi mkekani, naye binti yake Moza akampanda mgongoni na kumkanyaga ili uchovu umtoke. Miguu yake midogo ilisifiwa mtaa mzima. Bibi Bimdogo, mama yake Abeid, aliapa kwamba hata kiboko wa Nansio akikanyagwa na Moza ataamka akicheza ngoma.

Jumamosi moja, karibu na Sikukuu ya Uhuru, Moza na kaka yake Bilali walikuwa ghalani wakiruka kutoka juu ya lori hadi kwenye gunia la pamba. Mchezo huo walikuwa wamekatazwa. Zamu ya Bilali ilipofika, Moza alilivuta gunia pembeni kwa utani. Bilali akatua kwa mgongo, pu!

“Usiseme,” alinong’ona Bilali akijikokota kurudi nyumbani. “Tutachapwa wote. Nitasema nimeteleza ziwani.”

Jioni miguu ya Bilali ilianza kufa ganzi, akawa analia kwamba ameteleza ziwani.

“Kuteleza tu ndiyo makelele yote haya?” Bibi alimtania. “Lala kifudifudi. Moza, njoo umkanyage kaka yako. Kesho atakimbia.”

Moza alipanda mkekani. Unyayo wake ulipogusa shati la Bilali, alimsikia akibana pumzi. Akaurudisha mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

“Siwezi, Bibi! Hakuteleza. Ameanguka kutoka juu ya lori. Mimi ndiye niliyevuta gunia!”

Bibi alinyoosha mikono amwinue Bilali.

“Mama, usimguse!” Mzee Abeid alipaza sauti. “Masalu, mbebaji mwenzangu, alipoanguka melini tulimnyanyua kwa makwapa. Mpaka leo hatembei.”

Akang’oa mlango wa chumba. Majirani wakamhamishia Bilali juu yake taratibu, mwili umenyooka, wakambeba hadi hospitali.

“Shikamoo,” Moza alimwamkia muuguzi Wilhelmina, aliyekwisha kusimuliwa yote, baada ya picha ya mgongo kupigwa. “Atatembea?”

“Marahaba. Mfupa wa mgongo una ufa. Ndani yake hupita kamba laini ya fahamu inayoiamrisha miguu. Ungemkanyaga, pengine ingekatika. Bilali, chezesha vidole.”

Kidole gumba cha mguu kikatikisika. Moza akaangua kilio. Hakuna aliyemchapa, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Siku ya Uhuru bendi ilipita barabarani. Bilali, bado chali kitandani, alifuatisha ngoma kwa vidole vya miguu.

“Kuvuta gunia ulikosea,” Bibi alimwambia Moza, “na kuficha mlikosea wote wawili. Mtu akianguka, semeni ukweli mapema, wala msimwinue mpaka waje wanaojua. Nami nimejifunza uzeeni.”

“Sawa, Bibi,” Bilali akadakia. “Lakini huyu akae mbali na mgongo wangu!”